Jerikeni Mia Moja Thelathini na Tano

Siku ile kwenye ngazi tulikuwa watu sita. Mimi, Candiru, wa miaka kumi na tano, nikiegemea ukuta kwa sababu miguu haikuweza kunisimamisha. Ezati, mdogo wangu anayenifuata, na mfuko wa shule begani. Zaitun, wa mwisho wetu, miaka saba, ameshika sketi yangu kwa mikono yote miwili. Baba mdogo Onzima, ndugu yake marehemu baba yetu, aliyefika kwa basi la Arua asubuhi hiyo na bado alikuwa na vumbi kwenye nyusi. Nalongo, msimamizi wa jengo, juu ya stuli yake ya plastiki kando ya bomba. Na Mwalimu Bahati, Mkongo, mchukuzi wa maji kama mimi, ameketi kwenye kipandio cha tatu akikung'uta mchanga kutoka kwenye kiatu.

Nimejaribu mara nyingi kumkumbuka mtu wa saba, mpangaji labda, aliyepita na kuona. Simpati. Tulikuwa sita tu, na kila mmoja alikuwa anajua jambo ambalo wengine hawalijui.

Wiki iliyopita umeme ulikatika siku tatu mfululizo katika jengo la Nakivubo ninakofanya usafi. Pampu ikanyamaza, na tukalazimika kupandisha maji kwa mikono. Siku hizi nina magoti ya mwanamke mzee kuliko mimi. Nilipofika ghorofa ya pili nikaweka jerikeni chini, nikasikia harufu ya saruji iliyomwagikiwa maji kwenye kona isiyopata jua, na hapo nikakaa. Mwenzangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimechoka tu. Ilikuwa kweli, lakini uchovu niliokuwa nao si wa asubuhi ile.

Sisi tulizaliwa katika kambi ya polisi. Baba alikuwa askari polisi, Mlugbara na Mkatoliki. Mama alikuwa Mnubi wa Bombo, Mwislamu. Kwa kuwa hakuna aliyeimudu lugha ya mwenzake, walitulea kwa Kiswahili, na majina yetu waligawana: baba akatupa mimi na Ezati, mama akampa Zaitun. Tuliishi katika nyumba ya bati ya mviringo, ya moto mchana na ya baridi alfajiri, na mimi niliiona kuwa nyumba nzuri kuliko zote. Mama alitangulia. Baba akamfuata baada ya mwaka mmoja na miezi. Baada ya matanga chumba kilihitajiwa na askari mwingine mwenye watoto, kama ilivyo desturi, tukahamia Bwaise, kwenye chumba ambacho kitanda chake kilisimama juu ya matofali manne kwa ajili ya mafuriko. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza wa sekondari. Sikurudi wa pili.

Baba mdogo Onzima hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi kwa wasomaji wa rika langu, maana wengi wetu tuna baba mdogo mmoja ambaye tumemsimulia vibaya kwa miaka. Alikuwa na watoto wake saba na bustani ndogo ya tumbaku. Kwenye matanga alisema mbele ya watu: Candiru akipata kazi ya kudumu, watoto wabaki pamoja Kampala; asipopata, au akiipoteza, Ezati ataenda Arua kwake, na Zaitun ataenda Bombo kwa ndugu za mama. Watu wakaona amesema sawa. Mimi pia niliona amesema sawa, ndiyo maana niliogopa.

Kazi niliipata Kisenyi, karibu na magereji, katika jengo la ghorofa nne. Chini kulikuwa na maduka ya jumla ya vipuri. Ghorofa ya kwanza ilikuwa na jiko la hoteli ya Wasomali. Juu kabisa, ghorofa ya nne, kulikuwa na vyumba vya wageni na pipa kubwa la maji mlangoni. Maji ya bomba hayakuwa na nguvu ya kupanda. Yalifika pale chini, kando ya stuli ya Nalongo, yakaishia hapo. Kuanzia hapo yalipanda kwa migongo ya watu.

Kila mchukuzi alikuwa na jerikeni kumi na tano kwa asubuhi. Ulipopandisha moja, Nalongo alichora mstari wa chaki ukutani, chini ya alama yako. Alama yangu ilikuwa duara. Ya Mwalimu ilikuwa msalaba. Mstari wa tano ulikatisha ile minne. Jioni alihesabu, akafuta, akanakili kwenye daftari. Nalongo hakupanda ngazi kamwe; alikuwa amezaa mapacha mara mbili na alisema mwili wake ulikuwa umemaliza safari zake. Kwake jerikeni lilikuwa jerikeni, liende ghorofa ya kwanza au ya nne, na sisi wachukuzi tuliliona hivyo hivyo. Mwenye ghorofa ya nne alimwonea wivu kidogo mwenye ghorofa ya kwanza, basi, kama unavyomwonea wivu mtu aliyepata kiti dirishani.

Mimi nilikuwa wa ghorofa ya nne. Mwalimu Bahati alikuwa wa jikoni. Nilimdharau kwa hilo. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, mrefu, na alibeba maji kwa ngazi fupi za wasichana. Nilidhani Nalongo alimpendelea kwa sababu ya usomi, maana kule Bukavu alikuwa amefundisha fizikia na watu wote walimwita Mwalimu. Kwamba nyonga yake ya kushoto haikuwa nzima nililiona kila siku, lakini nilidhani anatembea vile kwa maringo. Mtoto akishaamua jambo, macho hayamsaidii.

Kulikuwa na desturi moja pale tuliyoiita kushikiana. Ukiumwa, mwenzako anakushikia: anapandisha jerikeni zako pamoja na zake, na mistari inachorwa chini ya alama yako. Mistari ikiwepo, nafasi ni yako. Ukipona unamrudishia, jerikeni kwa jerikeni. Hatukulipana pesa kwa kushikiana, ingekuwa aibu. Lakini kwa kawaida ulishikiwa siku moja, mbili ukibahatika. Siku ya tatu Nalongo aliita mtu mwingine kutoka kwenye foleni ya wanaosubiri pale nje.

Mimi niliugua siku tisa. Mtaro ulikuwa umefurika, maji machafu yakaingia mpaka kwenye sufuria, na homa ya matumbo ikanilaza. Siku ya kwanza nilimtuma Ezati aseme naumwa. Siku ya pili sikuweza kumtuma mtu. Baada ya hapo sikuuliza tena. Niliamini kazi imekwenda, na nilimkataza Ezati kupita Kisenyi asije akaleta habari hiyo nyumbani. Nililala nikiangalia yale matofali manne ya kitanda na kufikiri kwamba yatabaki kuwa manne, sisi ndio tutapungua.

Siku ya tisa mtu wa Arua alipiga simu kwa jirani: Onzima yuko njiani, amesikia Candiru anaumwa na hana kazi. Akafika asubuhi ya kumi. Hakukaa hata kunywa chai.

"Candiru, mimi sikuja kugombana," alisema akiwa amesimama mlangoni. "Niambie tu ukweli. Kazi ipo au haipo?"

"Ipo, Baba mdogo."

"Basi twende nikaione."

Tukaenda, wote wanne, mimi nikitembea kama mtu anayevuka mto. Ezati alinishika mkono akanong'ona, "Dada, kwa nini umesema ipo?" Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kuchelewesha.

Ndipo tukawa sita kwenye zile ngazi.

Baba mdogo alivua kofia. "Mama, samahani. Mimi ni baba mdogo wa hawa watoto. Nataka kujua kama huyu bado anafanya kazi hapa."

Nalongo alimtazama kuanzia viatu kwenda juu. "Ssebo, mimi sijui mambo ya watu. Mimi najua mistari." Akachukua daftari lake, akalamba kidole, akafungua. "Duara. Jana kumi na tano. Juzi kumi na tano. Hapa kumi na tano. Wiki nzima kumi na tano. Unataka nirudi nyuma mpaka wapi?"

Baba mdogo akainama kusoma. Mimi pia nikainama. Duara, duara, duara, na vifungu vitatu vya mitano kila siku.

"Lakini nilisikia alikuwa anaumwa," alisema baba mdogo.

Hapo Mwalimu Bahati akavaa kiatu chake, akasimama kwa kushika ukuta. "Baba, pole na safari," alisema. "Minasema hivi. Maji ya huyu mutoto ilipanda kila siku. Hata jerikeni moja haikukosa."

Hakudanganya. Nimeigeuza ile sentensi miaka yote na sijapata uongo ndani yake. Maji yangu yalipanda.

Baba mdogo aliniangalia. "Na mbona umekonda hivi?"

"Ngazi, Baba mdogo."

"Hapa wote wanakonda," alisema Nalongo, akifunga daftari. "Ni mimi tu nakataa."

Zaitun akacheka, kwa sababu Nalongo alikuwa mnene kwelikweli, na kile kicheko kikamlegeza baba mdogo mabega. Alikaa kidogo kwenye kipandio, akauliza bei ya vipuri vya pikipiki, akamnunulia Zaitun chapati mbili nje. Jioni alipanda basi la kurudi. Aliondoka peke yake.

Nilipomaliza kumsindikiza nilirudi kwa Mwalimu. Nikasema, "Nitakurudishia."

"Njo desturi," alijibu, kwa ile "njo" ya kwao, yaani ndiyo.

"Jerikeni mia moja thelathini na tano," nikasema. Kumi na tano mara tisa. Hesabu hiyo niliijua.

"Pona kwanza."

Nilipona, nikamrudishia. Asubuhi tisa nilipandisha zangu kumi na tano ghorofa ya nne, halafu zake kumi na tano jikoni ghorofa ya kwanza, na Nalongo akachora mistari chini ya msalaba. Siku ya tisa nilijisikia mtu mzima. Nilikuwa nimelipa, tena kwa wakati. Nakumbuka nilimpita Mwalimu kwenye ngazi kwa kichwa cha juu, kama mtu asiyedaiwa na yeyote mjini Kampala. Yeye akanipongeza. Alisema, "Umetimiza," na kusogea pembeni nipite.

Nikabaki na mawazo hayo kwa miezi kadhaa.

Ezati alikuwa mwaka wa pili sekondari, na fizikia ilikuwa inamshinda. Jioni moja baada ya shule alikuja kunisubiri kazini na daftari lenye alama nyekundu kila mahali. Mwalimu aliliona, akaliomba, akalisoma kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. Kisha akaokota mkaa jikoni kwa Wasomali na kumketisha Ezati kwenye kipandio.

"Hapa wanakuuliza mabadiliko," alisema. "Kitu kilikuwa chini, sasa kiko juu. Nini imebadilika?"

"Urefu wa kutoka chini," alisema Ezati.

"Na nini ingine?"

Ezati akatazama daftari. Mimi nilikuwa nimesimama pale na jerikeni tupu, nilipaswa kuondoka, sikuondoka.

"Angalia maji," alisema Mwalimu. "Maji ya pale bombani na maji ya kwenye pipa kule juu ni maji ile ile. Lakini ile ya juu, ifungulie: itashuka yenyewe, itaosha sahani, itasukuma uchafu. Ya chini imelala tu. Ile ya juu iko na kitu ndani. Hicho kitu ilipata wapi?"

"Kwa Dada," alisema Ezati, akitaka kuchekesha.

"Sahihi," alisema Mwalimu, na hakucheka.

Akaandika ukutani kwa mkaa. Uzito wa kitu kwa kilo, mara kumi, ambayo ndiyo mvuto wa dunia ukiurahisisha, mara kimo kwa mita. Jibu linaitwa jouli. Alichukua rula ya Ezati akapima kipandio: sentimita kumi na tano. Akauliza ni vipandio vingapi kwa kila ghorofa. Ezati akaanza kupanda kwenda kuhesabu.

"Ishirini," nikasema mimi. "Na mpaka pipani ni themanini."

Mwalimu aligeuka akaniangalia, kama ndiyo kwanza ananiona. "Basi wewe kaa hapa," alisema, akanipa mkaa.

Tangu siku hiyo alitufundisha wawili. Ezati alijifunza kwa ajili ya mtihani. Mimi sijui nilijifunza kwa ajili ya nini. Nilikuwa nimeacha shule na sikuwa na mpango wa kurudi. Lakini lilikuwa jambo la kwanza tangu kufa kwa baba ambalo lilinihusu mimi bila kunidai chochote. Nilimwuliza maswali ya kijinga. Nilimwuliza kama watu wa Bwaise, kwa kuwa tunaishi bondeni kwenye maji, tunaanza hesabu chini ya sifuri. Akafikiri sana. Akasema sifuri unaiweka popote unapotaka, bombani, Bwaise, hata kwenye kisima. Tofauti ya kupanda itabaki ile ile.

"Na mimi mwenyewe?" nikauliza siku nyingine. "Nikipanda na maji, nami pia si nimepanda?"

"Umepanda. Halafu?"

"Halafu nashuka."

"Mabadiliko yako ni ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole. "Sifuri."

"Njo hivyo. Asubuhi ulikuwa chini, jioni uko chini. Kwa hesabu, haukuenda mahali."

"Mwalimu, hiyo hesabu haina magoti."

Akacheka mpaka akashika nyonga. "Haina," alisema. "Kweli kabisa. Haina."

Nilikuwa na kosa jingine ambalo sikumwambia mtu. Aliposema ile nguvu niliyoitoa imo ndani ya maji kule juu, mimi nilielewa kwamba imewekwa kwa jina langu. Kwa muda fulani, nikifika ghorofa ya nne, niliegemeza mgongo kwenye pipa na kufumba macho, nikingoja inirudie. Mara nyingine nilihisi kweli inarudi. Ilikuwa ni baridi ya plastiki tu.

Sasa nafika kwenye jioni ninayotaka kuisema. Mwalimu alikuwa amempa Ezati zoezi: tanki la lita elfu, mnara wa mita sita. Ezati akalifanya. Mimi nikataka zoezi langu mwenyewe, na kwa kuwa sikuwa na daftari nilikwenda kwenye ukuta wa ngazi, baina ya ghorofa ya tatu na ya nne, mahali ambapo hakuna mtu anayesimama. Nikaandika jerikeni langu. Kilo ishirini, mara kumi, mara mita kumi na mbili. Jouli elfu mbili na mia nne. Nikafurahi. Nikataka kuona tofauti na jerikeni la Mwalimu, nimcheke kidogo. Kilo ishirini, mara kumi, mara mita tatu. Mia sita.

Chini yake nikaandika mia moja thelathini na tano.

Alikuwa amenipandishia mia moja thelathini na tano za elfu mbili na mia nne. Mimi nilikuwa nimemrudishia mia moja thelathini na tano za mia sita. Niliandika kwa mwandiko mdogo kwa sababu nilikuwa naona aibu hata mbele ya ukuta. Laki tatu na ishirini na nne elfu, toa elfu themanini na moja. Nilikuwa nimelipa robo. Robo moja, halafu nikampita kwenye ngazi kwa kichwa cha juu, naye akasogea pembeni. Na alijua. Mtu aliyefundisha hesabu hii maisha yake yote hakuhitaji mkaa kujua. Alikuwa amepanda vipandio themanini mara kumi na tano kwa siku, kwa nyonga ile, kabla hajaanza kazi yake mwenyewe, na alipoambiwa deni limekwisha alisema umetimiza, kwa sababu desturi yetu ilisema hivyo na mimi nilikuwa mtoto niliyetaka kuwa mtu mzima.

Asubuhi iliyofuata, nilipomaliza zangu, nikalishika jerikeni lake. Hakuliachia.

"Nini tena?"

"Nakurudishia."

"Candi, ulishalipa."

"Nilipiga hesabu, Mwalimu."

Akaniangalia. Nikampeleka kwenye ule ukuta, polepole, akipumzika kila baada ya vipandio kumi. Alisoma yote, mstari kwa mstari, kama alivyosoma daftari la Ezati. Nilitarajia aseme achana nayo. Nadhani nilitamani aseme hivyo. Badala yake alinyoosha mkono, nikampa mkaa, akaweka alama ya vema kando ya jibu: laki mbili na arobaini na tatu elfu.

"Sahihi," alisema. "Umesahau tu kuandika kipimo. Jouli. Bila kipimo, namba haisemi kitu."

Nikaandika jouli.

Nilimbebea siku sita. Kumi na tano kwa siku za jikoni, jouli elfu tisa kwa siku, na yeye alikaa kwenye kipandio cha tatu akisahihisha madaftari ya Ezati na rafiki zake. Wachukuzi wengine walinitania kwamba nimeolewa na nyonga. Sikujali. Nilikuwa na mpango: siku ishirini na saba nimalize. Siku ya saba alikuja amevaa koti. Jina lake na la binti yake Furaha lilikuwa limetoka kwenye orodha ya wanaohamishiwa nchi ya mbali, ya baridi. Walikuwa wamengoja miaka sita na sasa walipewa siku nne.

Nilisimama mbele yake na jerikeni. "Bado laki moja na themanini na tisa elfu," nikasema.

"Najua."

"Nisamehe, Mwalimu."

Alitikisa kichwa. "Hapana, mutoto wangu. Nikikusamehe itakuwa minasema ile hesabu ilikuwa bure. Ukae nayo tu. Iko sahihi."

Siku hiyo nililia kwa hasira. Nilimwona mkatili. Mtu mwingine yeyote angesema nimesamehe, na mimi ningeisahau ndani ya mwaka, kama nilivyosahau majina ya watu wengi waliotutendea mema miaka ile, walionisamehe mara moja na kuondoka.

Ezati alimaliza shule. Ni fundi umeme, ana nyumba yake. Zaitun ni muuguzi. Hatukuwahi kulala tumetengana usiku hata mmoja mpaka kila mtu alipoondoka kwa hiari yake, na mimi nikabaki nikifagia maofisi ya watu na kupanda ngazi. Silalamiki. Nachoka tu, na nachoka mapema kuliko zamani.

Juzi nilipokea ujumbe wa sauti kutoka namba ndefu ya nje. Alikuwa Furaha, binti yake Mwalimu. Papa alitutoka, alisema, amezikwa Jumamosi. Kama ilivyo kwetu, wanamtafuta kila mtu aliyemdai marehemu au anayedaiwa naye, waandike, wamalize, alale bila mzigo. Kama hujui chochote, alisema, tumwombee tu.

Nikampigia. Tulilia kwanza. Halafu nikamwambia mimi nadaiwa.

"Dola ngapi, Dada?" aliuliza. Nilisikia karatasi.

"Si dola. Ni jouli."

Nikamweleza ngazi, nyonga, siku tisa. Sijui kama nilieleza vizuri. Sijawahi kulisema jambo hili kwa sauti.

"Dada," alisema mwishowe, "hiyo naiandika wapi? Hapa iko nafasi ya pesa tu."

"Iandike pembeni," nikamwambia. "Laki moja na themanini na tisa elfu. Usiipunguze."